Chokoleti na Kipande cha Mti

Mtoto amekaa upande mmoja wa meza, mtu mzima upande wa pili. Mbele yao pana vipande viwili vidogo vinavyokaribiana ukubwa: kimoja cha chokoleti, kingine cha mti mweupe. Mtu mzima anautazama mkono wa mtoto. Utaelekea wapi? Na ukiuchukua mti, je, utautia mdomoni au utaurudisha mezani? Anaandika anachokiona. Kabla ya hapo alikuwa amewasha njiti ya kiberiti na kuipitisha polepole mbele ya uso wa mtoto, aone kama macho yanaufuata mwali.

Huo ni mwaka 1905, mjini Paris. Njiti na chokoleti ni kati ya majaribio mepesi kabisa kwenye orodha ya majaribio 30 ambayo Alfred Binet na daktari kijana Théodore Simon waliyachapisha mwaka huo. Kutoka hapo orodha ilipanda: kurudia tarakimu tatu, kueleza farasi ni nini na uma ni nini, kutofautisha nzi na kipepeo, hadi kueleza kumpenda mtu kuna tofauti gani na kumheshimu. Kila mtoto anayepelekwa leo kwa mwanasaikolojia ili ijulikane kwa nini hasomi, hatulii au haongei, awe amepelekwa na shule au na wazazi wake kwa fedha zao, anapita katika njia iliyoanzia kwenye meza ile. Nataka kuifuata njia hiyo, kwa sababu kuna mahali ilitekwa, na waliotekwa pamoja nayo walikuwa watoto.

Ufaransa wakati huo ilikuwa imefika pale ambapo kila nchi hufika baada ya kufungua milango ya shule. Sheria ya 1882, iliyosukumwa na waziri Jules Ferry, iliwalazimu watoto wote wa miaka 6 hadi 13 wasome. Zamani mtoto aliyeshindwa alibaki nyumbani au alishika jembe, na hakuna aliyeuliza. Sasa alikuwa darasani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hasogei. Mwaka 1904 serikali iliunda tume kulitazama jambo hilo. Tume ikaamua kwamba mtoto asiondolewe shule ya kawaida na kupelekwa darasa la pekee kabla hajapimwa. Uamuzi mwema. Lakini hakuna aliyeweza kusema apimwe vipi.

Madaktari walikuwa na majina yao ya kuwaita watoto hao, tena majina makali. Binet na Simon walipolinganisha vyeti vya hospitali waligundua kwamba mtoto yuleyule huandikwa hivi na daktari huyu, na vile na daktari mwingine, siku chache tu zikiwa zimepita. Nao walimu hawakuwa mashahidi salama. Binet aliona wazi, na akasema, kwamba mwalimu anaweza kuwa na hamu ya kumwondoa mtoto anayemsumbua tu. Ndiyo maana alitaka kitu kisichotegemea hasira ya mtu wala jicho la mtu mmoja.

Alikuwa na sababu zake za kuliogopa jicho la mtu mmoja, kwa kuwa lake mwenyewe lilimwaibisha. Akiwa kijana, aliyeacha masomo ya sheria, alijiunga na hospitali ya Salpêtrière chini ya bingwa mkubwa Charcot. Pale, yeye na mwenzake Féré walitangaza kwamba sumaku inaweza kuhamisha hali ya mgonjwa aliyelazwa usingizi wa kiini macho kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine. Mwanazuoni wa Ubelgiji, Delboeuf, akaja kutazama. Akaona mara moja kwamba wagonjwa wanasikia yote yanayosemwa chumbani na wanafanya kile wanachojua kinatarajiwa. Binet alibisha kwa miaka, mwishowe akakubali hadharani. Baadaye, akiwa Sorbonne kwenye maabara ambako hakulipwa mshahara, aliingia katika shughuli nyingine iliyopendwa na wataalamu wa enzi hiyo: kupima vichwa vya wanafunzi, akitarajia vichwa vya werevu viwe vikubwa. Tofauti alizozipata zilikuwa za milimita chache, na alipojichunguza alishuku kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa ukivuta vipimo kuelekea alichotaka kukiona. Akaiacha kazi hiyo. Naomba msomaji alikumbuke hilo la vichwa, kwa sababu tutakutana nalo tena, Nairobi.

Kilichomsaidia zaidi ya Charcot ni nyumba yake. Alikuwa na binti wawili, Madeleine na Alice, na aliwachunguza tangu wakitambaa. Walipokuwa wakijifunza kutembea, mmoja alikitazama kwanza kiti atakachokishika, akapima umbali, ndipo akapiga hatua. Mwenzake alijitupa katikati ya chumba akicheka, bila kujua ataangukia wapi. Wote wawili walitembea. Baba yao aliandika hayo mwaka 1890, na baadaye akawapa maneno ya kueleza, michoro ya kutazama, nyuzi za kulinganisha urefu. Aliona kwamba watoto wawili waliozaliwa tumbo moja, waliolelewa chini ya dari moja, wanafikiri kwa njia mbili. Mtu aliyeliona hilo mezani kwake kila asubuhi hawezi kuamini kwa urahisi kwamba akili ni kitu kimoja kinachomiminwa kwenye kibaba.

Mwaka 1905 alifungua maabara ndani ya shule ya msingi, mtaa wa Grange-aux-Belles, mtaa wa wafanyakazi, pamoja na mwalimu mkuu Victor Vaney. Orodha ya kwanza ilijaribiwa kwa watoto 50 tu wa kawaida, pamoja na wale wa hospitalini kwa Simon. Kisha ikasukwa upya mwaka 1908, safari hii kwa umri. Mtoto wa miaka 3 aonyeshe pua, macho na mdomo anapoulizwa. Wa miaka 5 anakili mraba na kuhesabu sarafu nne. Wa miaka 9 arudishe chenji kama muuza duka. Mtoto alipewa kiwango cha umri ambao wenzake wengi huyaweza yale aliyoyaweza yeye, basi.

Masharti aliyoyaweka Binet yanagusa moyo ukiyasoma leo. Chumba kiwe kimya. Mtoto apokewe kwa upole, kwani wengine huingia wakitetemeka, na mtoto mwenye hofu hupimwa hofu yake. Mpimaji awe mtu aliyefundishwa, asiwe mtu wa kusoma maswali tu kama karani. Na matokeo, alisisitiza, si kipimo kama urefu wa meza. Ni upangaji wa nani yuko wapi leo, kwa lengo la kumfundisha.

Kufundisha ndiko kulikokuwa mwisho wa safari yake. Katika madarasa ya pekee aliyoyasaidia kuanzishwa, watoto walianza kwa michezo aliyoiita mazoezi ya kunyoosha akili. Walisimama kama sanamu, wasitikisike hata kope, mwalimu akihesabu. Walionyeshwa ubao uliobandikwa vitu kadhaa kwa sekunde tano, kisha waviandike vyote kwa kumbukumbu. Siku moja wabunge walikuja kutembelea, wakaomba nao wajaribu ubao ule. Watoto wale, waliokuwa wameondolewa madarasa ya kawaida kwa kutofuata masomo, waliwashinda. Binet alilisimulia hilo katika kitabu chake cha 1909, kitabu ambamo alipigana waziwazi na watu waliosema akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1911, alifariki akiwa na miaka 54.

Upande wa pili wa Atlantiki, jambo lingine lilikuwa limetangulia, nalo ndilo chanzo cha ile tunayoiita leo kliniki ya saikolojia. Machi 1896 mwalimu mmoja wa Philadelphia alimleta kwa Lightner Witmer, profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mvulana wa miaka 14 ambaye hakuweza kuandika maneno kwa tahajia sahihi, ingawa mambo mengine aliyamudu. Mwalimu aliuliza swali la kawaida kabisa: kama hiyo saikolojia ni elimu ya akili, kwa nini isimsaidie huyu? Witmer hakuwa na orodha ya majaribio wala namba ya kumpa. Alimkalisha mtoto, akamchunguza, na moja ya mambo aliyoyagundua ni kwamba macho yake yalikuwa mabovu. Mtoto akapatiwa miwani, kisha akafundishwa kusoma upya, pale pale kwenye kliniki.

Mimi mwenyewe nilisoma na kijana aliyekalishwa dawati la nyuma kabisa tangu darasa la pili. Walimu walimwita mzito. Alikuwa akiandika kwa kutazama daftari la jirani badala ya ubao, nasi tulimcheka kwamba anaibia. Tulipofika darasa la tano walikuja wauguzi kupima macho, ndipo ikajulikana kwamba alikuwa haoni ubaoni. Miaka mitatu. Hakuna aliyemwomba radhi, na mimi sikumwomba. Nikisoma habari za mvulana wa Philadelphia huwa namfikiria yeye.

Kipimo cha Binet kilivuka bahari mwaka 1908. Henry Goddard, mtafiti wa shule ya watoto wenye ulemavu wa akili huko Vineland, New Jersey, alikuwa akizunguka Ulaya, na akiwa Ubelgiji daktari Ovide Decroly alimpa orodha ile. Goddard aliitafsiri na kuisambaza kwa bidii kubwa. Alikitafsiri kipimo, lakini imani ya Binet aliiacha Paris. Kwake yeye akili ilikuwa kitu cha kurithi, kisichobadilika, na waliopungukiwa walikuwa hatari kwa taifa. Alibuni hata neno jipya la Kiingereza la kuwaita walio karibu na mpaka wa kawaida, na neno hilo limekuwa tusi hadi leo. Kuanzia 1912 kipimo kilipelekwa kisiwa cha Ellis, bandarini New York, wakapimwa wahamiaji waliotoka kushuka melini, wamechoka, wanaulizwa kupitia mkalimani, wengine hawajawahi kushika penseli. Wengi wa waliochaguliwa kupimwa waliandikwa kuwa na akili pungufu. Mwaka 1912 huohuo Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akazidisha jibu kwa 100. Ndipo ikazaliwa namba moja, inayoandikwa kwenye faili na kumfuata mtoto kila aendako. Binet hakuwahi kuitoa namba hiyo.

Yaliyofuata ni mengi, nami nitasimama kwa mtoto mmoja.

Huko Virginia alikuwako msichana Carrie Buck, aliyepata mimba akiwa na miaka 17 baada ya kubakwa, akafungiwa kwenye taasisi ya watu waliodhaniwa kuwa na akili pungufu. Jimbo lilitaka kumfunga kizazi. Ili sheria isimame mahakamani ilibidi ionyeshwe kwamba upungufu umepita vizazi vitatu: mama yake Carrie, Carrie, na kichanga chake Vivian. Mama na binti walipimwa kwa kipimo kilichotokana na cha Binet. Kichanga, cha miezi michache, hakingeweza kupimwa kwa maswali, basi mfanyakazi wa ustawi wa jamii alimtazama na kueleza mahakamani kwamba mtoto huyo haonekani kuwa sawasawa kabisa. Kauli hiyo ikapokewa kama ushahidi. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali, majaji wanane kwa mmoja, na Carrie akafungwa kizazi. Baada yake watu zaidi ya 60,000 walifanyiwa hivyo nchini Marekani chini ya sheria za namna hiyo. Vivian alianza shule. Mwaka 1931 jina lake liliwekwa kwenye orodha ya heshima ya wanafunzi wanaofanya vizuri. Mwaka uliofuata aliugua tumbo akafa, akiwa na miaka minane.

Goddard, kwa haki yake, alirudi nyuma. Mwaka 1928 aliandika kwamba watu aliowahi kuwaona hawawezi kufundishika wanaweza, na kwamba anadhani amehamia upande wa wapinzani wake. Lakini maneno yake ya kwanza yalikuwa yamekwisha kusafiri mbali kuliko toba yake.

Yalifika Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 R. A. C. Oliver, Mwingereza aliyekuja Kenya kwa fedha za Carnegie, alitengeneza jaribio la jumla la akili kwa ajili ya Waafrika na kulitumia kwa wanafunzi. Lilichapishwa mwaka 1932. Oliver alikuwa mwangalifu kiasi. Aliyekosa uangalifu ni Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliyedai kwamba akili ya Mwafrika hukoma kukua mapema. Mwenzake, Dkt. F. W. Vint, alipima uzito wa bongo za maiti wa Kiafrika na kutangaza kwamba ni nyepesi. Mwaka 1933 wakaunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari, kikapata wanachama miongoni mwa walowezi wenye majina. Ndiyo ile kazi ya vichwa ambayo Binet alikuwa ameitupa miaka 30 nyuma baada ya kujishuku mwenyewe. Hawa hawakujishuku. Wala mabishano hayakuwa ya maabara tu, kwani yaliingia moja kwa moja katika suala la shule: kama akili ya mtoto wa Kiafrika ina dari, kuna haja gani ya serikali kumjengea ngazi? Gordon alifika hadi kudai kwamba elimu ya Kizungu yaweza kumtia mwanafunzi wa Kiafrika wazimu. Aliomba serikali ya London igharimie utafiti mkubwa zaidi, nayo ikakataa. Nasema hili kwa uzito, kwani wapo wazee wetu waliokalishwa kwenye madawati hayo, wakajibu maswali hayo, na hawakuambiwa kamwe majibu yao yanapelekwa wapi.

Ilichukua muda mrefu kabla ya wazazi kuuliza mbele ya hakimu vipimo vinawapeleka wapi watoto wao. Mwaka 1970, katika mji mdogo wa mashamba wa Soledad, California, familia za wakulima vibarua wenye asili ya Mexico zilishitaki. Watoto wao tisa, waliokuwa wakizungumza Kihispania nyumbani, walipimwa kwa Kiingereza, wakapelekwa darasa la wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa tena kwa Kihispania, alama zao zilipanda kwa wastani wa pointi 15, na karibu wote wakavuka mpaka wa alama za kuwekwa darasa hilo. Hebu mtu ajiweke mahali pa mtoto wa aina hiyo, aliyekaa darasani mwaka mzima, na kosa lake ni lugha ya mama.

Mwaka uliofuata, San Francisco, wazazi weusi walifungua kesi iliyoitwa kwa jina la kufichia, Larry P. Katika shule za mji huo watoto weusi walikuwa asilimia 28.5 ya wanafunzi, lakini asilimia 66 ya waliowekwa kwenye madarasa hayo. Wanasaikolojia weusi waliwapima upya watoto walioshitaki. Walizungumza nao kwanza, wakawazoea, wakauliza maswali kwa maneno ambayo watoto wanayajua, nao wakapata alama za juu ya mpaka. Swali moja lililobishaniwa sana katika miaka hiyo lilimtaka mtoto aseme atafanya nini akipigwa na mtoto mdogo kuliko yeye. Jibu lililopewa alama ni lile la kutorudisha pigo. Mtoto wa mtaa ambako mama humwambia usirudi nyumbani umepigwa alijibu kama alivyolelewa, akapoteza alama za akili. Hakimu Robert Peckham alitoa hukumu mwaka 1979: California isitumie vipimo hivyo kuwapeleka watoto weusi kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Mwaka mmoja tu baadaye, Chicago, hakimu John Grady alisikiliza kesi ya aina hiyohiyo. Yeye akaamua kuvisoma vipimo mwenyewe, swali moja baada ya jingine, na kuyaandika maswali yote pamoja na majibu yake ndani ya hukumu. Akayaona machache tu kuwa na upendeleo, akavipitisha. Sidhani Grady aliielewa shida. Upendeleo hauonekani kwa kusoma karatasi ofisini. Huonekana mezani, pale mtoto anapolitazama swali na mpimaji anapomtazama mtoto. London nako, mwaka 1971, mwalimu Bernard Coard kutoka Grenada alikuwa amechapisha kijitabu kuhusu watoto wa West Indies waliojazwa katika shule za waliodhaniwa kuwa wazito, na kwa wazazi wa huko kilikuwa kama king'ora.

Kati ya kesi hizo ilipita sheria ambayo hadi leo ndiyo mfupa wa mambo haya Marekani. Novemba 1975 Rais Gerald Ford alisaini Sheria ya Umma 94-142. Bunge lilikuwa limekiri kwamba watoto zaidi ya milioni moja wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Sheria ikaamuru mtoto apimwe kwa lugha yake, kwa zaidi ya kipimo kimoja, mzazi awe ameridhia, na kila anayestahili aandikiwe mpango wake mwenyewe wa masomo. Kuna haki moja ndani yake ninayoipenda kuliko zote: mzazi asipokubaliana na matokeo ya shule anaweza kudai mtoto apimwe na mtaalamu wa nje, asiye mwajiriwa wa shule, kwa gharama ya umma, isipokuwa shule ithibitishe mbele ya afisa anayesikiliza shauri kwamba upimaji wake ulitosha. Hapo ndipo upimaji wa shule na upimaji wa binafsi ulipofungwa kamba moja. Lakini wazazi wenye uwezo hawasubiri. Huenda moja kwa moja kwa mtaalamu wa kulipwa, wakatoa maelfu ya dola, wakarudi shuleni na ripoti nene. Mtoto wa jirani asiye na fedha husubiri foleni. Kwetu tofauti hiyo ni kali zaidi, kwa sababu Nairobi na Dar es Salaam mtaalamu wa kulipwa yupo, ila wazazi wengi hawajui hata kwamba yupo.

Kenya ilijaribu kulitatua hilo mwaka 1984. Kwa msaada wa Denmark, wizara ya elimu ilianzisha vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, vile ambavyo walimu wa elimu maalumu huviita EARC, na miaka miwili baadaye ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, kuwafunza walimu. Wazo lilikuwa mama aliye kijijini aweze kumpeleka mtoto mahali karibu, apimwe masikio, macho, maungo na uelewa, bila kulipa ada ya kliniki, na aondoke akijua mtoto aende shule gani na asaidiwe vipi. Ukikutana na walimu wa vituo hivyo utawasikia wakilalamikia usafiri na vifaa, lakini pia utasikia habari za watoto waliotolewa kwenye vyumba vya ndani walikokuwa wamefichwa. Kazi hiyo haina namba moja mwishoni mwake. Ina mtoto aliyepata kifaa cha kusikia.

Kuhusu vifaa vya kupimia, somo kubwa lilitoka Zambia. Katika miaka ya 1970 Robert Serpell, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Zambia, aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ileile ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi watoto wa Kiingereza walishinda. Kwa waya, ule waya ambao watoto wetu hutengenezea magari ya kuchezea, walishinda wa Lusaka. Kwa udongo walilingana. Kutokana na kazi ya namna hiyo kikaja kipimo cha Panga Munthu, yaani tengeneza mtu kwa Kichinyanja: mtoto hupewa udongo wa mfinyanzi afinyange mtu, na alama hutolewa kwa viungo alivyovikumbuka.

Na kuna suala la neno lenyewe. Sisi tunasema mtoto ana akili, lakini sikiliza mama wa pwani anavyolitumia. Mtoto akipita mbele ya wageni bila kuamkia, ataambiwa hana akili, hata kama jana alikuwa wa kwanza darasani. Watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi na Wakipsigis huko Kokwet miaka ya 1970, wakakuta neno ng'om, ambalo ndani yake mmekaa uelewa pamoja na kutumwa ukatumika. Miongoni mwa Wajaluo kuna rieko, luoro, winjo na paro, na ni rieko tu inayokaribia kile ambacho shule hupima. Luoro ni heshima. Huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria, Robert Sternberg, Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzao waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 juu ya dawa za miti shamba: ipi kwa ugonjwa gani, itumike vipi. Watoto wanazijua, kwani minyoo na homa ni maisha yao ya kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliozijua zaidi dawa ndio waliofanya vibaya zaidi kwenye msamiati wa Kiingereza. Labda familia zilikuwa zimekwisha chagua: huyu ataendelea na shule, huyu atarithi maarifa ya nyumbani. Karatasi ya mtihani ingemwita huyo wa pili mzito.

Watafiti wa Kilifi walianza kwa uchungu mwingine. Walitaka kujua malaria iliyopanda kichwani humwachia mtoto madhara gani baada ya kupona, na vipimo vya Ulaya havikufaa. Basi Penny Holding, Amina Abubakar na wenzao wakavisuka vipya kwa ajili ya watoto wa pale, kwa lugha za nyumbani na kwa vitu ambavyo mtoto wa pwani amewahi kuvishika, na Orodha ya Makuzi ya Kilifi ikachapishwa mwaka 2008.

Karibu na Bagamoyo, kundi la Sternberg na Elena Grigorenko lilifanya jambo ambalo Binet angelitambua mara moja. Walichukua watoto 358 wa shule, wengi wa miaka 11 hadi 13, wakawapima katika kupanga kadi kwa makundi, katika hoja za kimantiki, na katika mchezo wa maswali ishirini, ambapo mtoto ndiye anayeuliza hadi akitambue kitu kilichofichwa. Hawakuishia hapo. Waliwafundisha. Walimwonyesha mtoto kwamba swali linaloondoa nusu ya vitu kwa mkupuo ni bora kuliko la kubahatisha kimoja kimoja, kisha wakampima tena. Wengine 100 walipimwa mara mbili bila kufundishwa. Hao 100 walibaki karibu palepale, wa mwanzo mwanzoni na wa mwisho mwishoni. Kwa wale 358 alama zilipanda, na mpangilio wote ukavurugika: wapo waliokuwa chini kabisa asubuhi ambao hawakuwa chini tena. Mafunzo yenyewe hayakufika saa moja.